Mlango Uliohesabu Hadi Kumi na Tano

Nilianza kujenga prosesa kwa sababu ya aibu. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili aliniletea simu yake iliyoingia maji, na nilipoifungua akainama juu ya meza yangu akauliza, "Sasa humo ndani, anayefikiri ni nani?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi kidogo kuliko ukucha. "Huyu hapa. Anaitwa prosesa."

"Na yeye hufikiri namna gani?"

Nina diploma ya elektroniki. Nimetengeneza simu na redio miaka sita katika kibanda kilichobanana na duka la vipuri vya magari la baba yangu, hapa Kisii mjini. Nilichoweza kumwambia ni kwamba simu itakuwa tayari saa kumi. Yule mama akaniangalia kwa huruma, akaniachia ndizi mbili za kuiva, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Nilijua prosesa ni lundo la swichi, swichi nyingi zisizoonekana kwa macho, moja ikiiwasha nyingine. Lakini kujua hivyo ni sawa na kujua kwamba chapati ni unga. Nikaamua kutengeneza ya kwangu, kwa swichi kubwa ninazoweza kuzishika, na kuitazama ikifikiri mpaka nielewe.

Swichi zenyewe zilikuwa rilei za magari. Rilei ni kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti chenye sumaku ndani. Ukikipitishia umeme, sumaku inavuta kijichuma, *tak*, na njia nyingine ya umeme inafunguka. Kila gari lina chache za taa, honi na feni. Baba alikuwa na debe zima la zile zilizorudishwa na wateja, na nyingine nikazifuata Suneka kwa fundi anayevunja magari yaliyokufa. Nilipofikisha tisini na mbili nikaanza kuunganisha waya.

Hapo ndipo matatizo ya kwanza yalipotokea, nayo yalikuwa ya lugha. Sisi asili yetu ni upande wa ziwa, na kwa Kijaluo dada ya baba huitwa waya. Shangazi yetu anakaa nasi, anauza mitumba Daraja Mbili, na hatujawahi kumwita kitu kingine. Kwa hiyo kwa miezi mitano nyumba yetu ilikuwa na waya wa aina mbili. Nikilalamika sebuleni, "Waya huu mbovu kweli!" sauti inatoka chumbani, "Nimekukosea nini?" Nikisema, "Baba, usikanyage waya," Baba anageuka kumtafuta dada yake sakafuni.

Kibandani hapakuwa na nafasi, na ubao mpana sikuwa nao. Bahati nzuri mwenye nyumba wetu alikuwa amebadilisha mlango wa stoo, akautupa ule wa zamani uani. Ulikuwa wa mbao nzito, rangi ya samawati, kitasa chake bado kipo. Nikaupangia rilei kuanzia chini hadi juu upande wa nyuma, nikatoboa matundu ya taa upande wa mbele, nikausimamisha kwa kuuegemeza kwenye ukuta wa sebule. Kitasa sikukitoa. Kilinifaa wakati wa kuunyanyua.

Prosesa yoyote huhitaji kitu cha kuipigia mapigo, ili swichi zote zisogee kwa pamoja, hatua kwa hatua. Nikatumia flasha, kile kidude kinachofanya indiketa ya gari iwake na kuzima. Kwa hiyo prosesa yangu ilifikiri kwa kasi ya Nissan inayotaka kukata kushoto. Niliifungia taa mbili za indiketa, kwa sababu flasha hupima mzigo wake. Taa moja ikiungua, hupiga maradufu ili dereva ajue kuna kasoro. Sikumweleza mtu jambo hili. Jumapili moja Baba, ambaye anauza flasha tangu sijazaliwa, alichoka kumulikwa alipokuwa akisoma Biblia yake, akachomoa taa moja. Nilikimbia kutoka uani niliposikia rilei zinagonga kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nikamkuta Baba amesimama mbele ya mlango, mikono juu.

"Sijaigusa," akasema. "Imekasirika yenyewe."

Ilipokamilika ilikuwa na sehemu mbili za kushikilia namba, sehemu ya kujumlisha, na sehemu ya kusoma maagizo kutoka kwenye kadi niliyoikata katika boksi la sabuni na kuitoboa matundu. Jibu lilitoka kwa taa nne. Ya kwanza thamani yake moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane. Ukitaka tano, inawaka ya tatu na ya kwanza. Basi.

Niliiita familia nzima. Moja na moja: mbili. Mbili na moja: tatu. Tatu na tatu: sita. Mama akapiga kigelegele. Dada yangu mkubwa akanikumbatia. Baba akaagiza soda. Ndipo Waya, aliyekuwa amekaa kwenye mkono wa kiti na mzigo wake wa sweta miguuni, akasema, "Ngoja. Mbili na tatu?"

Nikaweka mbili. Nikaweka tatu. *Tak, tak-tak, tak.* Saba.

"Irudie," akasema Baba.

Saba.

"Labda ni tano ya kizungu," akasema Mama, ambaye ni mtu mwema.

Nikajaribu sifuri na sifuri. Mashine ikafikiri, ikatoa mbili. Baba, mfanyabiashara wa miaka mingi, akaweka soda yake chini taratibu. "Unaiwekea patupu na patupu, inakupa mbili?" akauliza. "Mwanangu, usiitengeneze. Iache hivyo hivyo. Hiyo ni baraka."

Nilihangaika nayo wiki tatu. Taa ya thamani ya mbili ilikuwa haizimi kamwe. Ndiyo maana majibu yaliyoihitaji yalitoka sawa, nami nikajiona bingwa. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa kidole mpaka nikaifikia rilei moja ya Suneka. Nilipoifungua kofia, ndani hamkuwa na kile kilichoandikwa nje. Ilikuwa rilei ya aina nyingine kabisa. Nikampigia simu yule fundi.

"Ah, hiyo," akasema bila wasiwasi. "Kofia yake ilikuwa imepasuka, nikaivalisha ya marehemu mwingine. Ilikuwa inaonekana uchi."

Nikaibadilisha. Mbili na tatu zikawa tano, na katika nyumba nzima aliyefurahi ni mimi peke yangu. Baba alihuzunika waziwazi.

Wiki hiyohiyo dada yangu akatangaza kwamba kuna watu wa kwao mchumba wake, kutoka Ekerenyo, wanaotaka kuja kujitambulisha. Mama akaitazama sebule yake. Akatazama vitambaa vyake vya kushona kwa mkono juu ya viti, kisha akautazama mlango wangu wa samawati wenye taa na kitasa.

"Hiki kinatoka," akasema.

"Mama, kinahitaji watu wanne kukibeba. Ukikisogeza waya zinachomoka."

"Niko tayari kuchomoka," akasema Waya kutoka chumbani.

"Basi kifanye kazi," akasema Mama. "Kitu kikikaa sebuleni kwangu siku ya wageni, kifanye kazi."

Kazi ikapatikana. Mama alikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa, samaki. Kwetu mgeni wa heshima hupewa samaki mzima, kichwa na mkia, na huwezi kumpa mkwe nusu samaki ukabaki na jina. Jiko letu ni kibanda cha mabati uani, mbali na sebule, na kwa desturi ya nyumbani Mama asingeweza kwenda kuchungulia wakwe kabla hajaitwa. Nikamwambia mashine itamhesabia wageni. Nilichukua mifuniko miwili ya sufuria, nikaitenganisha kwa vipande vya sifongo, nikaiweka chini ya kapeti dogo la mlangoni. Anayeingia akikanyaga, mifuniko inagusana, mashine inaongeza moja. Nikavuta waya mrefu hadi jikoni, nikafunga taa nne nyingine juu ya rafu ya chumvi, na pembeni nikabandika karatasi yenye picha za taa na namba zake.

Waya hakupenda. "Watu hawahesabiwi," akasema. "Ni mwiko."

"Haihesabu watu," nikamwambia. "Inahesabu nyayo."

Nilijua inafika kumi na tano tu. Taa nne hazina zaidi ya hapo. Ukiongeza moja zote zinazimika na hesabu inaanza upya. Sikumwambia Mama, kwa sababu mchumba alikuwa ameahidi watu kumi na wawili, na mimi, kwa umri wangu wote, niliamini ahadi ya idadi ya wageni.

Walikuja Jumamosi saa saba mchana, kwa gari mbili za Probox. Mimi sikuwepo. Mama alikuwa amegundua soda hazitoshi akanituma kwa bodaboda kufuata kreti mbili. Yaliyotokea nilisimuliwa na Waya, mara nne, na kila mara yalikuwa yameongezeka kidogo.

Walishuka watu kumi na tisa. Baba alikuwa mlangoni kuwakaribisha, akawasalimu kwa Kiswahili, maana wao nyumbani ni Kikisii na sisi Kijaluo, na Kiswahili ndicho tulichokutana nacho sote shuleni. Wakaingia mmojammoja, wakikanyaga kapeti kwa adabu. Jikoni taa zikapanda: moja, mbili, tatu. Mama na Waya walikuwa wamekazana na ugali, hawakuzitazama mpaka zilipotulia. Zilikuwa zimewaka mbili za chini. Mama akafuata kwa kidole kwenye karatasi.

"Watatu," akasema.

"Watatu? Na hiyo kelele?"

"Wana sauti. Labda wengine gari limewaharibikia njiani. Wapelekee hao watatu, wasikae njaa."

Waya akabeba sinia lenye samaki watatu wakubwa, akapita uani, akaingia kwa mlango wa mbele kwa sababu mwingine hakuna. Akakanyaga kapeti. Sebule ilikuwa imejaa hadi dirishani. Kulikuwa na wazee kwenye viti, kina mama kwenye mkeka, vijana wamesimama kando ya kabati. Wote wakatazama sinia. Katikati alikaa baba mdogo wa mchumba, msemaji wao, mzee mrefu mwenye koti la kijivu na kofia aliyoivua na kuilaza gotini.

Waya ameuza mitumba miaka ishirini na haijawahi kumtokea akakosa neno. Akaweka sinia mezani, akapiga goti kidogo. "Karibuni sana," akasema. "Hii ni ya kuonja tu. Tuambieni kama chumvi imetosha, ndipo tulete chakula."

Wazee wakaonja kwa makini sana. Mmoja akasema chumvi imetosha. Wa pili akasema inahitaji kidogo. Wa tatu akaomba aonje tena. Baba, aliyekuwa amewaona wote wakiingia, akatazama samaki, akamtazama dada yake, akafumba macho. "Ndugu zangu," akasema, "tuombe tena."

Waya akatoka mbio. Kapeti. "Wako kumi na tisa!" akamwambia Mama.

Mama akaangalia rafu ya chumvi. "Watano. Walikuwa watatu, sasa watano. Si nilikuambia wengine wako nyuma?"

"Nimewaona kwa macho yangu!"

"Uliwahesabu?"

Waya alikuwa amekisia, kwa sababu ya mwiko.

"Rudi uhesabu," akasema Mama.

Akarudi. Kapeti. Baba bado alikuwa anaomba, amefika kwa wagonjwa walio hospitalini. Waya akajifanya anaokota kikombe, akahesabu magoti akagawanya kwa mbili, akatoka. Kapeti. "Kumi na tisa," akasema akihema.

Mama akanyoosha mwiko wa ugali kuelekea taa. "Saba."

Wakati huo yule baba mdogo alikuwa na shida yake. Safari ya kutoka Ekerenyo ilikuwa ndefu na alitaka kwenda nje. Hakutaka kupita mbele ya mwenye nyumba katikati ya maombi. Akatazama huku na huku, akaona ukutani, hatua tatu tu kutoka kiti chake, mlango wa samawati wenye kitasa. Akanyanyuka polepole, akakishika, akavuta.

Mimi nikaingia hapohapo na kreti ya kwanza kichwani. Nikakanyaga kapeti, nikasikia rilei ikigonga kunihesabu mimi, wa nane. Halafu nikauona mlango wangu umemwegemea mzee wa watu. Alikuwa ameuzuia kwa mikono miwili na paji la uso. Waya za manjano na nyekundu zilikuwa zimemning'inia mabegani, na rilei zote tisini na mbili zilikuwa zinagonga kwa fujo karibu na sikio lake. Hakupiga kelele. Aligeuza macho tu, akaniona.

"Msichana," akasema, "hii mlango yenu inaongea."

"Amina," akasema Baba, akafumbua macho.

Vijana walimsaidia kuusimamisha. Nilianza kuomba radhi kwa lugha tatu. Mzee akajifuta paji la uso, akauzunguka mlango, akachungulia nyuma yake muda mrefu.

"Inafanya nini?"

"Inahesabu, mzee."

"Inahesabu nini?"

Nikamtazama Baba. Baba akatazama dari. "Wageni," nikasema.

"Sawa," akasema mzee. "Sisi ni ngapi?"

Singeweza kudanganya, taa zilikuwa mbele yake, moja tu imewaka. "Nane."

Akageuka, akawatazama watu wake waliojaa hadi dirishani. "Sisi ni nane?"

"Hapana, mzee. Ninyi ni kumi na tisa. Wale kumi na sita wa kwanza wamepotea."

"Wamepotea wapi?"

"Mashine ikifika kumi na tano, anayefuata anarudisha sifuri. Haina taa ya tano."

Hapo kukazuka mjadala kwa Kikisii, mkali kidogo, vidole vikinyooshwa huku na huku. Nilidhani wanapanga kuondoka. Kumbe walikuwa wanatafuta ni nani aliyeingia wa kumi na sita. Kila mtu alimkumbuka aliyekuwa mbele yake. Walikubaliana mwishowe, wakamgeukia mchumba wa dada yangu, aliyekuwa kando ya kabati amevaa tai.

"Bwana arusi," akasema baba yake mdogo kwa uzito wote, "kwa hii mashine, wewe ndio sifuri."

Kutoka chumbani, ambako dada yangu alitakiwa kukaa kimya kama hayupo mpaka aitwe, kikatoka kicheko cha kumkosesha mtu pumzi. Alicheka akajaribu kujizuia kwa mto, tukasikia mto, kisha akashindwa tena. Kina mama waliokaa mkekani wakaambukizwa. Mchumba mwenyewe akacheka akalegeza tai.

Mzee peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa bado anatazama taa. "Mimi nilipima chai Ekerenyo miaka mingi," akaniambia. "Pale kituoni. Ile mizani ya saa, ya kuning'iniza. Gunia likizidi, mshale inazunguka inapita juu, inarudi mwanzo. Mtu amebeba gunia mpaka shingo imeingia ndani, mizani inasema kilo mbili." Akagusa taa ya nne kwa kidole. "Si mbovu. Imezunguka tu."

"Ndiyo, mzee," nikasema, na nikajikuta machozi yananilenga. Katika miezi mitano yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeielewa.

"Mbuya," akasema kwa lugha yake, nzuri. "Sasa nionyeshe choo ya kweli."

Samaki hawakutosha. Mama aliwakata vipande, akafunga macho alipokuwa akikata, akaongeza omena, wale dagaa wa ziwani, iliyokuwa chakula chetu cha kesho na sukumawiki yote ya jirani. Hakuna aliyelalamika, ila wale wazee watatu waliendelea kubishana kuhusu chumvi hadi chai ilipoletwa. Mazungumzo yenyewe yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Ni vigumu watu kubanana maneno wakati kila baada ya dakika chache mtu anamwita bwana arusi Sifuri. Mama alipoitwa hatimaye aje asalimu, alikanyaga kapeti, akasikia *tak*, akasema, "Naomba msiniulize mimi ni wa ngapi."

Dada yangu aliolewa miezi minne baadaye. Mashine nayo ikaondoka. Yule baba mdogo aliiomba, na Mama akakubali kabla sijafungua mdomo. Tuliipeleka Ekerenyo kwa pikapu, imelazwa juu ya majani ya migomba ili isitikisike, nikatumia siku mbili kuirudishia waya zilizochomoka. Mzee alikuwa ameiandalia nafasi ukumbini. Alikuwa pia amenunua taa ya tano kwa pesa zake, akaishikilia kama yai mpaka nilipomaliza.

Tangu hapo hatuachani. Ananipigia simu mchana nikiwa na simu ya mtu imefunguka mezani, na siwezi kuikata kwa sababu ni mkwe. Amejifunza kutoboa kadi mwenyewe kwa msumari, na maboksi ya sabuni yakimwishia anatoboa ya majani ya chai. Wiki iliyopita aliniambia ameifundisha kuzidisha kwa kujumlisha mara nyingi. Ameipa tatu mara nne, akakaa nje kumenya ndizi, na alipomenya ya pili ikawa imemaliza.

"Imesema kumi na mbili," akasema.

"Ni sawa, mzee."

"Najua ni sawa. Hata mimi nilikuwa najua." Nikasikia rilei zikigonga nyuma yake. "Lakini hii imehangaika."